Gari Lililonyamaza Njia ya Chwele

Jumatano, saa kumi jioni. Matisi, Kitale.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la mafuta ya taa. Dirisha moja, limezibwa kwa gunia. Wanaume wanne. Munene alipiga magoti akachora barabara kwa chaki sakafuni: Kitale, Kiminini, Kamukuywa, Kimilili, Chwele.

"Kesho ni soko," alisema. "Mnunuzi wa vitunguu anafungua ghala saa tatu. Sanduku la pesa liko chini ya mizani. Mlinzi ni mmoja, ana upinde. Gachanja na Rotich wanaingia na bunduki. Mimi nabaki kwa gari na dereva. Tunarudi njia ile ile, pole pole, kama watu wa kawaida."

Gachanja alichokonoa meno kwa kijiti cha kiberiti. Kabla ya kuwa mwizi alikuwa fundi wa magari, na ulimi wake haukujua kupumzika. Rotich, mtu mkubwa wa Mlima Elgon, aliangalia chaki.

Dereva alikuwa Kipsang. Hakuomba kazi hii. Gari lake kuukuu la rangi ya maziwa lilibeba abiria kati ya Kitale na Chwele miaka mingi. Wiki iliyopita alirudi nyumbani akamkuta Munene mezani, anakula ugali na kumsifu mkewe, Chelimo, kwa mboga zake. Chelimo alidhani ni rafiki. Munene alimaliza, akanawa mikono, akasema kwa upole kwamba anahitaji gari na dereva, na kwamba sasa anajua nyumba. Mungu alimpa kila mtu mdomo wa kukataa. Kipsang aliufungua wake, hakikutoka kitu.

Alijua habari za Kagwe pia, dereva aliyekuwa kabla yake. Katika kazi fulani huko Nakuru, mtu mmoja alimtambua Kagwe. Mtu mmoja tu. Kagwe alikutwa ndani ya shamba la mahindi, kifudifudi.

"Shida ni kelele," Munene alisema. "Gari yako inasikika kutoka mlima mpaka mlima. Polisi wakiuliza, kila mtu atasema ni ile gari inalia. Nataka inyamaze."

"Ni giaboksi," Kipsang alisema. "Beringi zimekwisha. Lazima ishushwe, na beringi zinatoka Eldoret. Siku tatu."

"Tuna mpaka kesho."

Gachanja alicheka. "Unga wa mbao, bana! Unga wa mbao na grisi nzito, unashindilia ndani. Pale gereji tulikuwa tunauza magari hivyo. Mnunuzi anaenda nyumbani akiimba."

"Na akifika nyumbani?"

"Akifika nyumbani ni yake."

Kipsang alimgeukia Munene. "Ikipata moto, gia zitakwama. Nakuambia sasa."

"Chwele si Mombasa," Munene alisema, akafuta chaki kwa kiatu.

Jioni ile Gachanja alilala chini ya gari na debe la unga wa mbao. Walibadilisha namba za gari. Kipsang akapewa kofia.

Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi.

Gari lilitoka Matisi bila sauti. Siku zote gia ya kwanza ililia, ya pili ikanguruma, ya tatu ikavuma kama mashine ya kusaga unga. Leo hakuna. Kipsang alibadilisha gia kama kipofu aliyenyang'anywa fimbo. Munene alikaa nyuma yake, koti mapajani, bastola chini ya koti.

"Sikia," Munene alisema. "Kimya. Hii ni gari ingine."

Walipita Kiminini. Ndipo ukelele wa kwanza ukaja.

"Kipsang! Weee, Kipsang!"

Mwanamume alikuwa anakimbia kutoka langoni kwake, kuku wawili mkononi, kiatu kimoja mguuni. Mbele kidogo, mwanamke mwenye kikapu. Halafu mwingine.

"Umetuacha, Kipsang!"

"Leo ni nini? Si ungelia!"

Abiria wa njia ile hawakuwa na desturi ya kusimama barabarani. Kwa nini wasimame kwenye baridi? Walikaa jikoni na chai yao. Gari la Kipsang lilipoanza kulia kule mteremkoni, mtu alikuwa na nafasi ya kumaliza kikombe, kufunga mzigo, kuaga na kutoka. Leo gari liliwapita wakiwa na vikombe mkononi. Walitoka mbio, na kila aliyetoka aliita jina.

Kipsang aliivuta kofia mpaka machoni. Haikusaidia.

"Wanakujua," Munene alisema.

"Ni abiria."

"Wangapi wanakujua?"

Kipsang alifikiria uongo. Hakuupata. "Wote."

Kipsang alihisi shingo yake inapoa kwa nyuma, pale bastola ilipokuwa ikielekea. Kagwe alikuwa ametambuliwa na mtu mmoja. Bwana, alisema moyoni, nimehesabiwa.

Kamukuywa, saa mbili.

Lori la ndizi lilikuwa linashusha mzigo katikati ya njia. Ikabidi wasimame. Mama Nasambu, muuza nyanya, aliliona gari akaweka mikono kiunoni.

"Kipsang! Nimekaa hapa na masikio wazi, sisikii kitu! Gali imepona?"

"Imepona, Mama."

"Asifiwe Yesu! Kujeni muone, gali ya Kipsang imepona!"

Wanawake wengine walisogea. Mmoja alipapasa boneti kama ng'ombe aliyetoka kwa daktari. Nasambu aliinama dirishani, akawaangalia abiria mmoja mmoja.

"Na hawa? Wamekodi gali yote?"

"Tunaenda matanga, mama," Gachanja alisema haraka.

"Woi! Matanga ya nani?"

Gachanja alirudisha kijiti mdomoni.

"Ya mbali, Mama," Kipsang alisema.

"Poleni. Poleni sana." Akaingiza mkono dirishani kuwapa pole, kama ilivyo desturi. Alimpa Gachanja. Alimpa Rotich. Akamnyooshea Munene, akangoja. Munene alilazimika kutoa mkono wa kulia chini ya koti. Nasambu aliushika kwa mikono yake yote miwili, akamtazama usoni kwa huruma, kwa muda mrefu.

"Mungu akutie nguvu, baba. Hata uso wako nauona umechoka."

Lori likasogea. Kipsang aliendesha. Nyuma yake Munene alipumua kwa pua tu.

Chwele, saa tatu na robo.

Ghala lilikuwa na mlango mmoja wa mabati. Gachanja na Rotich waliingia. Kipsang aliacha injini ikinguruma chinichini. Alisikia harufu ya kitu kinachoungua chini ya miguu yake, kama mbao kwenye jiko. Hakusema. Alikuwa ameshasema mara moja.

Mlio wa bunduki. Mayowe. Gachanja alitoka na sanduku, akajitupa kiti cha mbele. Rotich alikuwa nyuma yake, anachechemea, mshale umesimama kwenye paja. Alikuwa karibu. Hata jasho la uso wake lilionekana.

"Endesha," Munene alisema.

"Rotich anakuja!" Gachanja alipiga kelele.

Mdomo wa bastola uligusa sikio la Kipsang. "Endesha."

Gari liliruka. Kwenye kioo Kipsang aliona Rotich amesimama katikati ya njia, mikono wazi, halafu watu wa soko wakamfunika.

"Alikuwa anakuja," Gachanja alisema.

"Alikuwa amepigwa."

"Alikuwa anakuja, Munene."

Saa tatu na nusu. Kuelekea Kimilili.

Kwenye mlima wa kwanza, Kipsang alirudi gia ya pili. Ikaingia. Juu ya mlima akataka ya tatu. Mkono wa gia haukusogea. Aliuvuta kwa mikono miwili. Ulikuwa kama umejengewa kwa simiti. Moshi mwembamba ukapanda kwenye sakafu, na kutoka chini ikaanza sauti: kwanza mkwaruzo, halafu mlio wenyewe, mkubwa kuliko zamani, ukapasua bonde lote.

"Nini hiyo?"

"Imekwama kwa ya pili."

"Ingia kwa hayo mahindi. Simamisha. Tutatembea."

Kipsang aliyaona mahindi. Marefu, mabichi, tayari. Alijua ni wangapi wangetembea.

"Nikisimama haiondoki tena," alisema.

Ulikuwa uongo. Klachi ilikuwa nzima. Gari lingeondoka kwa gia ya pili, kwa taabu, lakini lingeondoka. Kati ya watu waliokuwa ndani, mmoja tu alijua hivyo kama yeye.

"Gachanja," Munene alisema. "Ni kweli?"

Gachanja aliangalia nje. Alikuwa ameshika sanduku mapajani kama mtoto mgonjwa.

"Ni kweli," alisema. "Ikisimama imekufa."

Wakaendelea, kwa mwendo wa baiskeli, gari likilia. Na watu wakatoka.

Walitoka kwenye kila lango. Walikuwa wamesikia sauti waliyoizoea, na safari hii walikuwa na nafasi ya kumaliza chai. Walisimama pande zote mbili na vikapu, magunia, bata, watoto mgongoni. Walipunga mikono. "Kipsang! Simama!" Mzee mmoja alitembea kando ya dirisha hatua nyingi, akilalamika juu ya heshima ya zamani. Munene aliificha bastola. Hangeweza kupiga risasi mbele ya macho hayo yote.

Kipsang alitamani kupaza sauti: hawa ni wezi. Lakini alikiona kilichompata Rotich. Watu wakishika mawe hawaulizi nani alikuwa dereva. Nyuma bastola, nje mawe, na gari lisiloweza kwenda mbio wala kurudi nyuma. Aliomba kimya kimya, si kuokolewa, bali kuonyeshwa mlango mmoja.

Walipopita Kimilili, kabla ya kufika Kamukuywa, kulikuwa na kibao cha buluu na bendera. Kituo kidogo cha polisi. Kipsang alikata usukani.

"Wewe!" Munene aliinua bastola. Gachanja aligeuka akamkamata mkono kwa mikono yote miwili, akaung'ang'ania. Risasi ilitoboa paa. Sanduku lilianguka. Gari lilipita langoni likilia, likagonga nguzo ya bendera, likazima.

Askari walikuwa wametoka zamani. Walisikia gari linakuja.

Saa nne na nusu.

"Kipsang," Sajini Kimaiyo alisema. Alikuwa amepanda gari lile mara nyingi. "Hata wewe?"

"Walinilazimisha, afande."

"Utamwambia hakimu."

Gachanja alisema anataka kuandikisha maelezo yake kwanza, yote, tangu Nakuru. Wakampeleka ofisini wakafunga mlango. Munene alivuliwa viatu na mkanda, akaingizwa seli. Halafu Kimaiyo akamwonyesha Kipsang kidole: viatu, mkanda.

"Afande, usinifunge na yeye. Nakuomba. Ataniua."

"Seli ni moja. Gari ya kuwapeleka Bungoma inakuja jioni."

"Nifunge kwa gari. Nifunge kwa mti."

"Mlikuja pamoja," Kimaiyo alisema, bila ukali. Komeo likaingia.

Ndani kulikuwa na giza na harufu ya mkojo. Munene alikuwa ameketi pembeni. Alisogea kidogo, akapiga sakafu kwa kiganja, taratibu.

"Kaa, dereva. Jioni ni mbali."

Kipsang hakukaa. Aliegemeza mgongo kwenye mlango, akafumba macho, akaanza Baba Yetu kwa sauti ya chini. Munene alimsikiliza kama mtu aliye kanisani. Kipsang alipofika pale pa kuomba msamaha na kuwasamehe wengine, alisikia miguu mitupu ya Munene ikisimama sakafuni.

"Hapo ruka," Munene alisema.