Safari ya Kubuni

Sixbert, rafiki yangu anayetengeneza programu za simu pale Mfaranyaki, hapendi kukumbushwa jioni ile. Umeme ulikatika, akabaki peke yake gizani na kompyuta mpakato, akijaribu hesabu ya kumwonyesha mteja bodaboda imemaliza asilimia ngapi ya safari. Safari yenyewe aliibuni: sifuri ni Hanga, mia ni mlango wa ofisi yake, na dereva yuko nusu ya njia. Jibu lilipaswa kuwa hamsini. Likaja themanini.

Akampigia mwenzake, amefura. "Jeremia, umechezea hesabu yangu?"

"Sijaigusa, kaka. Niko msibani Matogoro tangu asubuhi."

"Acha uongo."

Akakata simu, akajaribu tena. Tisini na tano. Nje, pikipiki ikasikika ikipanda barabara. Akabonyeza tena huku akitukana. Mia. Pikipiki ikazimwa mlangoni.

Akafungua mlango kwa kishindo, tayari kumfokea Jeremia. Hapakuwa na mtu wala pikipiki. Akaubamiza, akaketi, akabonyeza mara ya mwisho.

Mia na moja.

Nyuma ya kiti chake, taratibu, kifungo cha helmeti kikafunguliwa.