Aliyebaki Kwenye Nakala

Dada yangu Bupe ameniruhusu niyasimulie haya kwa sharti moja tu, nisitaje jina la kiwanda. Basi nitasema ni kiwanda cha mbao na kiko Mafinga. Viwanda vya mbao Mafinga ni vingi, kila mtu atabuni chake.

Mimi ni Saulo, mwalimu wa shule ya msingi huku Uyole, Mbeya. Bupe ndiye aliyenilea baada ya wazazi wetu kufariki. Pale kiwandani alikuwa mtu wa kompyuta. Mfumo mzima ulikuwa mikononi mwake: nani kaingia kazini, nani katoka, mashine gani inakata na ipi inatengenezwa. Mumewe, Budeba, alikuwa fundi wa misumeno palepale. Msukuma wa Ubaruku, mrefu, mpole, mtu wa kucheka kwanza halafu ndiyo azungumze. Walikuwa na miaka sita ya ndoa.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine. Ukungu ulikuwa mzito. Bupe alikuwa mapumzikoni, akapika chai ya tangawizi na viazi vitamu. Budeba alikula amesimama, akasema anawahi kubadilisha meno ya msumeno namba mbili kabla zamu ya asubuhi haijaanza. Mlangoni akageuka, akamwambia mkewe arudi kulala, baridi kali. Bupe akarudi kulala.

Saa moja na nusu wakaja kumgongea.

Hapa lazima nieleze jambo moja, bila hilo hamtaelewa uchungu wa dada yangu. Pale kiwandani fundi akitaka kuingiza mikono kwenye msumeno, anafungua kibali kwenye mfumo. Kibali kikiwa wazi, msumeno umefungwa, hauwaki hata ubonyezwe vipi. Akimaliza anaweka dole gumba, kibali kinafungwa, taa ya kijani inawaka. Tatizo, mafundi walikuwa wanasahau. Wanaondoka, kibali kiko wazi, zamu inayofuata inakaa inasubiri. Meneja wao, Isakwisa, akamtaka Bupe aongeze kitu kwenye mfumo: zamu ikiisha, vibali vijifunge vyenyewe.

Bupe alikuwa na mfumo wa majaribio. Ni nakala ya mfumo wote, iko kwenye kompyuta yake peke yake, ina majina yote na mashine zote, lakini haijaunganishwa na kitu chochote cha kweli. Ukikosea mle, hakuna anayeumia. Kila alichobadilisha alikianzia mle.

"Nipe siku mbili bosi, nikijaribu kwanza," alimwambia.

"Bupe, magari yamepanga foleni getini. Mistari ishirini hiyo unayoandika. Weka laivu."

Akaweka laivu, moja kwa moja kwenye mfumo wa kweli.

Alikuwa amesahau sharti moja: kwamba kibali kisijifunge kama fundi mwenyewe bado yuko ndani. Budeba alifungua kibali chake saa kumi na mbili na nusu, kikahesabiwa ni cha zamu ya usiku. Saa moja kamili zamu ya usiku ikaisha. Kibali kikajifunga. Taa ya kijani ikawaka. Opereta, kijana wa watu asiye na kosa, akaona kijani.

Tulimzika Ubaruku. Jeneza halikufunguliwa.

Msibani watu walinong'ona. Tumpe, mpishi wa kiwandani, aliniita pembeni akanishika mkono. "Mwalimu, nyie mmezika mlichopewa," alisema kwa sauti ya chini. "Yule kachukuliwa. Yuko mahali anafanyishwa kazi." Nikamwambia mambo ya misukule asiyalete kwenye msiba wetu. Hakubishana. Alinitazama tu, kama mtu anayemwonea huruma mtoto.

Isakwisa alihamishwa. Kwenye ripoti waliandika ajali, na Bupe hakuna aliyemuuliza kitu. Nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alitaka kuulizwa.

Baada ya arobaini alirudi kazini. Wiki ya pili akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza kanisani.

"Saulo. Njoo."

"Kuna nini dada?"

"Njoo uone. Uniambie kama nimechanganyikiwa."

Nilifika Mafinga jioni ile. Asubuhi yake, saa kumi na mbili na robo, tulikuwa ofisini kwake. Jua lilikuwa linapenya kwenye ukungu, nje watu wanapakua magogo ya paini, wanataniana. Bupe alifunga mlango. Akaniambia kwamba siku ya kwanza kurudi alifungua ule mfumo wa majaribio, akalijaribu lile badiliko lake kama alivyotakiwa kulijaribu mwanzo. Kosa lilionekana ndani ya dakika nne.

"Dakika nne, Saulo," alisema. "Mume wangu alikosa dakika nne."

Akafungua orodha ya mahudhurio. Ilikuwa tupu, kama inavyotakiwa iwe. Nakala ile haina mashine ya kuweka dole. Haina waya unaotoka nje. Hakuna mtu wa kuingia.

Tukasubiri. Ilipogonga saa kumi na mbili na nusu, mstari ukatokea.

Budeba. Ameingia.

Tarehe haikuwa ya siku ya ajali, ilikuwa ya asubuhi ile ile. Nikatazama mikono ya dada yangu. Ilikuwa mapajani, imefumbata shuka la mgolole alilojitanda. Hajagusa kitu. Mstari wa pili ukaja. Kibali kimefunguliwa, msumeno namba mbili. Kisha hakuna kilichotokea, nusu saa nzima. Tulikaa pale tukitazama jina lake. Nilisikia Bupe anahesabu kwa kunong'ona.

Saa moja kamili kibali kikajifunga chenyewe.

"Kila siku," Bupe alisema. "Kila siku anaingia. Na kila siku saa moja namuua."

Nilitaka kumtoa mle ofisini. Nilitaka tuondoke, twende Mbeya, tusirudi. Lakini nilielewa alichokuwa anakitazama. Lile badiliko lenye kosa bado lilikuwa mle kwenye nakala, kama alivyoliandika. Nikamwambia, "Dada, basi lirekebishe."

Akaanza kuandika. Machozi yalikuwa yanadondoka juu ya vidole vyake, hakuyafuta. Aliongeza lile sharti alilolisahau. Akalijaribu mara kumi na moja. Hajawahi kujaribu kitu kwa uangalifu vile maishani mwake.

Kesho yake tulikuwa pale tena. Akaingia. Akafungua kibali. Saa moja ikafika. Bupe alinishika mkono, kucha zikaniingia.

Saa moja na dakika moja. Kibali kiko wazi.

Saa moja na robo. Wazi.

Saa moja na dakika ishirini kikafungwa, kwa dole gumba la Budeba mwenyewe. Bupe alipiga kelele, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Alikuwa anacheka. Sijawahi kuona mtu akicheka vile, na naomba nisione tena. Pale chini ya kibali pana nafasi ya fundi kuandika maelezo ya kazi. Herufi zilianza kutokea moja moja.

*Nimemaliza. Bupe upo.*

Haikuwa na alama ya kuuliza.

Nilirudi Mbeya kwa sababu ya shule. Kwa wiki tatu dada yangu alikuwa na furaha, na furaha ile ilinitisha kuliko msiba. Alikuwa anawahi kazini, anachelewa kutoka. Halafu simu zikaanza kubadilika. Budeba hakuwa anatoka. Kila siku ilikuwa na muda wa kuingia, nafasi ya muda wa kutoka iko wazi. Vibali vilifuatana mchana na usiku, msumeno namba mbili, namba tatu, namba moja, bila nafasi katikati. Na maelezo yake yakawa mafupi.

*Nimechoka.*

*Hapa hakuna kukaa.*

*Wanasema bado.*

"Nani wanasema?" nilimuuliza.

"Sijui. Nikimuuliza hajibu. Anafungua kibali kingine."

Ndipo Bupe alipokwenda Ubaruku kwa mama mkwe wake. Mama Nyamizi alikuwa mtu mzima, mjane, amehama na ng'ombe kutoka Shinyanga hadi bonde la Usangu akiwa na mimba ya Budeba. Hakujua kusoma. Nilimsindikiza dada yangu kwa sababu niliogopa atakachosema, na kweli alikisema kabla hata hajakaribishwa maji. Alipiga magoti uani.

"Mama, aliyemuua Budeba ni mimi."

Akaeleza yote. Mama Nyamizi alisikiliza akichambua mchele kwenye ungo, na mkono wake haukusimama. Bupe alipomaliza, Mama akapepeta ungo mara moja.

"Nililijua," alisema. "Siyo la mashine. Nilijua kuna kitu umekibeba. Msibani ulikuwa hushiki chakula." Akaweka ungo chini. "Anapumzika saa ngapi?"

"Hapumziki, mama."

"Anakula?"

Mama Nyamizi akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kanga ya safari.

Tulifika kiwandani kesho yake, saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi. Watu walikuwa wachache. Bupe alimwekea mama kiti mbele ya kompyuta. Akamwonyesha kwa kidole: huyu hapa, hili ndilo jina lake. Mama alilishika jina kwenye kioo, taratibu, kama anavyoshikwa shavu mtoto aliyelala.

"Mtoe," alisema.

"Mama, nikimtoa sitamwona tena."

"Mkamwana." Sauti yake haikupanda. "Unamweka hapa kwa ajili yako. Na mimi ningemweka. Lakini amechoka. Mtoe mume wako akapumzike."

Bupe alilia kwanza. Tulimwacha alie. Kisha akafungua nafasi ya muda wa kutoka, ambayo yeye peke yake alikuwa na ruhusa ya kuijaza, akaandika saa. Akabonyeza.

Ikakataa.

Akarudia. Ikakataa. Mara ya tatu maneno yakatokea katikati ya kioo, meusi. *Zamu haiachwi wazi.*

"Umeandika wewe hayo?" nilimuuliza.

Alitikisa kichwa. "Mfumo wangu hauna maneno hayo."

"Yanasemaje?" Mama Nyamizi aliuliza. Nikamsomea. Akanitaka nisome tena. Nikasoma.

Alisogeza kiti. Akainama mpaka paji la uso likakaribia kioo, akaweka dole gumba lake juu ya jina la mwanawe, akanong'ona kwa Kisukuma. Maneno machache. Mimi ni Mnyakyusa, sikuambulia hata moja. Bupe naye alikuwa ameficha uso. Ofisi ilikuwa kimya. Nje nako kulikuwa kimya. Hata misumeno ya kiwanda cha ng'ambo ya barabara, inayolia kutwa, ilikuwa imenyamaza.

"Jaribu sasa," Mama alisema.

Bupe akabonyeza.

Budeba. Ametoka. Saa tano na dakika kumi.

Tulisubiri hadi mchana, hapakutokea kibali. Tukasubiri Jumapili, tukasubiri Jumatatu. Orodha ilikuwa tupu. Mama Nyamizi aliondoka Jumatatu na basi la asubuhi. Aliaga vizuri, akambariki Bupe, akamwambia akiolewa tena asione aibu kuja Ubaruku. Alipoondoka, dada yangu aliifuta ile nakala yote, na nakala za akiba, hakubakisha kitu. Alisema hataki mlango ule ubaki popote. Nilikuwepo. Ilichukua muda mfupi sana. Baadaye alikaa sakafuni, ameegemea ukuta, akalia msiba ambao siku ya mazishi hakuulia.

Siku tisa baadaye Esther alipiga simu. Esther ni dada yake Budeba, ndiye aliyekuwa akiishi na mama yao. Mama Nyamizi alikuwa amekaa uani, saa tisa alasiri, jua kali. Alikuwa anazungumza na jirani. Akasema, "Ngoja, naitwa." Akaegemea ukuta. Basi.

Tulikwenda kuzika. Jioni, watu walipopungua, nilimfuata Esther jikoni nikamweleza yaliyotokea ofisini. Nikamuuliza kama anadhani mama alikuwa anamuaga mwanawe kwa Kisukuma. Akaniuliza kama nayakumbuka maneno. Nikamwambia nakumbuka sauti tu, nikaziigiza kadiri nilivyoweza. Esther alinifanya nirudie mara mbili. Ya pili nilimwona akikaa chini.

"Hakuwa anaaga," alisema. "Amesema mwacheni aende. Nitakaa mimi."

Bupe alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu. Sikujua amesimama pale tangu lini.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, polepole, kama anajiuliza mwenyewe: "Nitamtoa wapi sasa?" Nakala ilikuwa imefutwa. Hapakuwa na orodha ya kufungua, wala nafasi ya kuandika saa.

Esther aliingia chumbani, akarudi na kitambaa cheupe kimefungwa fundo. Alisema ndicho walichomfutia mama walipokuwa wanamwosha. Alikiweka ili amuulize mtu mwenye kujua, maana yeye na wanawake wenzake hawakuelewa kile walichokitoa kwenye nywele za marehemu, na masikioni, na chini ya kucha za mikono yote miwili. Ubaruku ni mpunga mtupu, hadi unapochoka kutazama. Mama tangu arudi hakutoka nyumbani.

Bupe akafungua fundo.

Yalikuwa maranda ya paini. Bado mabichi.