Renata, Bodi ya Shule na Pesa za Bwana Stadler

Kila asubuhi nyumbani kwa akina Pohlman, Dwight ndiye aliyetangulia kutoka. Alikuwa dereva wa basi la shule. Alikunywa kahawa akiwa amesimama, akaenda kwenye yadi ya mabasi kupasha injini moto, maana baridi ya kwetu Wexley ikikaza, injini hukataa kuwaka. Mkewe Renata alimwamsha binti yao Tess, akampa uji wa shayiri, akamvika koti zito na kumpeleka kituoni. Kisha akaenda kufungua saluni yake, karibu na posta.

Tess hakupanda basi la baba yake. Mtaa wao ulihudumiwa na basi jingine, na hilo lilichelewa karibu kila siku.

Asubuhi moja ya Januari, muuguzi wa shule alimpigia Renata simu. Tess alikuwa amesimama kwenye theluji muda mrefu mno. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi na kugeuka vyeupe. Mtoto alipona, lakini hasira ya mama yake haikupoa.

"Kwa nini basi lile halifiki?" alimuuliza mumewe.

"Bovu," alisema Dwight. "Karibu yote ni mabovu. Bosi anasema mapya ni ghali."

"Na bodi ya shule inamwambia nini?"

"Bodi inasaini mkataba na kampuni yetu, mchezo umekwisha."

Mkutano wa bodi ulipofika, Renata alikwenda. Alieleza habari ya vidole vya Tess. Mwenyekiti alitazama saa. "Asante, mama. Muda wako umekwisha. Anayefuata?"

Renata alirudi nyumbani amenuna. Alipovua viatu alisema, "Dwight, nagombea ujumbe wa bodi."

Dwight alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Basi nitapika mimi siku za mikutano," alisema. "Ila mtakula mayai."

Uchaguzi ulikuwa Novemba. Viti vilivyokuwa wazi ni viwili, na wagombea watatu. Septemba, Bwana Vernon Stadler aliingia saluni akaketi kitini. Huyu ndiye mwenye kampuni ya mabasi, bosi wa Dwight.

"Punguza pembeni tu," alisema. "Juu hakuna cha kukata."

Renata akaanza kazi.

"Nasikia unagombea."

"Ndiyo. Na sababu nadhani unaijua."

"Mabasi. Ndiyo maana nataka kukusaidia. Bodi inahitaji mtu anayejua mabasi." Alitoa hundi ya dola elfu mbili, akaiweka mezani karibu na vitana. "Mabango nimeshaagiza. Nitasema hata gazetini kwamba nakuunga mkono. Dwight ni mtu wangu, Renata. Sisi ni familia moja."

Renata aliitazama hundi. Hakuwa na fedha za kampeni zaidi ya za kuchapisha vikaratasi vichache. Alisema asante. Aliitia hundi kwenye mkoba wake, akamalizia kukata nywele.

Kabla ya wiki kwisha, mabango yalikuwa yamesimama kila kona, makubwa, ya buluu, yenye jina lake. Tess aliyashangilia. Dwight naye alifurahi. Aliona kama mambo yamenyooka, bosi na mke wake upande mmoja.

Aliyewaharibia furaha ni jirani yao, Bi Imogene Fassett. Bi Imogene alikuwa amestaafu kazi katika ofisi ya uchaguzi ya kaunti. Alikuwa akikusanya majani makavu uani kwake wakati Renata alipopita.

"Mabango mazuri," alisema Bi Imogene. "Nani kalipa?"

"Bwana Stadler."

Bi Imogene aliegemeza reki ukutani. "Hebu ingia ndani, mwanangu. Nina kahawa."

Walikaa jikoni. Bi Imogene hakuzunguka. "Umeripoti?"

"Nimeripoti nini? Hundi sijaipeleka benki."

"Mabango nayo ni mchango. Mtu akikupa pesa, au akikununulia kitu cha kampeni, sheria ya jimbo letu inataka uandikishe jina lake na thamani ya kitu hicho. Watu wana haki ya kujua nani yuko nyuma yako."

"Sawa, nitaandikisha. Kuna ubaya gani?"

"Kupokea mchango si kosa, ukiutangaza. Sasa niambie, mkataba wa mabasi unakwisha lini?"

Renata alifikiri. "Aprili ijayo."

"Nani atapiga kura kuamua nani apewe?"

Renata alitazama kikombe chake. Kahawa ilikuwa inapoa mbele yake.

"Sijamwahidi chochote," alisema mwishowe.

"Najua. Naye hakukuomba ahadi. Lakini siku hiyo utakuwa unaamua juu ya mtu aliyekulipia kampeni na anayemlipa mume wako mshahara. Moyo wako utavutwa huku, kazi yako itavutwa kule. Huo ndio mgongano wa maslahi. Haumaanishi kwamba wewe ni mwizi."

"Kwa hiyo nisigombee?"

"Nani kasema? Mji mdogo huu, kila mtu ana shemeji mahali fulani. Unagombea. Pesa, kama hutaki zikufunge, unarudisha. Kazi ya Dwight huwezi kuirudisha, kwa hiyo unaitaja hadharani. Siku ya mkataba unatoka chumbani. Hujadili, hupigi kura."

"Bi Imogene!" Renata alipandisha sauti. "Mimi nagombea kwa ajili ya mabasi!"

"Ndiyo," alisema Bi Imogene kwa upole. "Na kwa mkataba huo, kura huna."

Nyumbani, Dwight alisikiliza mpaka mwisho. Halafu aliweka uma chini.

"Ukimrudishia, atanifukuza."

"Anaweza."

"Unasema kirahisi hivyo?"

"Si rahisi, Dwight. Lakini nikizitumia pesa zake, siku nikimwambia anunue mabasi mapya, atanitazama usoni na kucheka. Na nisipomwambia, watu watajua kwa nini."

Dwight alisukuma sahani kando. Kisha alichukua funguo za gari. "Twende tukang'oe mabango kabla sijabadili mawazo."

Siku iliyofuata waliyapeleka yote yadini. Bwana Stadler alitoka ofisini akiwa na kikombe mkononi. Renata alimpa hundi yake.

"Nakushukuru kwa nia yako," alisema. "Ila mkataba wako utaletwa kwenye bodi. Siwezi kuchukua."

"Dwight, mkeo ananidharau mbele ya wafanyakazi wangu."

"Hajakudharau, bosi," alisema Dwight. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Anakurudishia mali yako."

"Vizuri," Stadler alimwambia Renata. "Mgombea si wewe peke yako."

Kweli, mabango mapya yalitokea, safari hii yana jina la Curtis Ebling, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Dwight hakufukuzwa, lakini alipewa njia ndefu kuliko zote, ile ya mashambani yenye barabara za kokoto. Alirudi nyumbani mgongo ukimuuma, asile hata mayai yake mwenyewe.

Chama cha walimu kilimwita Renata kwa mahojiano. Walitaka kujua kama wamuunge mkono mbele ya wapiga kura.

"Ukichaguliwa, utapiga kura tuongezwe mishahara?" aliuliza mwalimu mmoja.

Renata alitamani sana kusema ndiyo. "Nadhani mnastahili," alisema. "Lakini sijaona hesabu za fedha za shule. Nikiwaahidi kura leo, nitakuwa nimenunuliwa kabla sijakaa kitini. Nikiunga mkono, nitaunga mkono kwa sababu nimeona fedha zipo."

Walimu walinong'onezana. Wiki ile walitangaza kwamba hawamuungi mkono mgombea yeyote. Renata aliumia, lakini hakuwalaumu.

Kabla ya uchaguzi, wagombea waliulizwa maswali kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Mkulima mmoja alisimama.

"Bi Pohlman, mume wako ni mtu wa Stadler. Mkataba ukija, utapigaje kura?"

"Sitapiga. Mshahara wa mume wangu unatoka kwa Bwana Stadler. Nitatoka nje."

Ukumbi ukavuma. "Sasa una faida gani?" mkulima alifoka. "Si wewe uliyekuja hapa kulia habari ya mabasi?"

"Ni mimi," alisema Renata, uso ukimwaka. "Na kama mabasi ndiyo peke yake yanayokusumbua, mpe kura mwingine, sitakasirika. Lakini kuna vitabu, kuna chakula, kuna paa linalovuja. Kwa hayo nitapiga kura, na hutahitaji kujiuliza nimetumwa na nani."

Mkulima aliketi. Hakupiga makofi, lakini aliketi.

Kura zilipohesabiwa, Curtis Ebling aliongoza. Renata alipata kiti cha pili, akimshinda mgombea wa tatu, mjumbe aliyekuwa akitetea kiti chake, kwa kura chache. Bi Imogene alimletea pai ya maboga.

Aprili ilipofika, chumba cha mkutano kilijaa. Mwenyekiti alipotaja mkataba wa mabasi, Renata alinyanyuka. "Mume wangu ameajiriwa na kampuni inayoomba kazi hii. Naomba iandikwe kwamba nina maslahi, nami natoka."

Alipita katikati ya watu, akaketi kwenye benchi nje ya chumba. Mlango ukafungwa. Aliona uchungu. Mambo ya vidole vya mwanawe yanaamuliwa, naye anatazama rangi ya ukuta.

Ndani, macho yote yalimgeukia Curtis Ebling. Curtis alikunja karatasi zake, akazikunjua, akakohoa. Kisha naye akasimama. "Bwana Stadler alinilipia mabango," alisema. "Iandikwe hivyo."

Mlango ulifunguliwa. Renata alimwona Curtis akija na kuketi upande wa pili wa benchi.

"Usiniambie kitu," alisema Curtis.

"Sijasema kitu."

"Uso wako unasema."

Renata akacheka, naye Curtis, akitaka asitake, akacheka.

Wajumbe watano waliobaki walibishana kwa muda mrefu. Hakuna aliyekuwa na deni la fadhila kwa mwenye mabasi, kwa hiyo maswali yalikuwa makali. Stadler alipewa mkataba wa mwaka mmoja tu, badala ya mitano aliyoomba, na kila basi likichelewa kampuni itatozwa faini. Alinung'unika, lakini kufikia Agosti alikuwa amenunua mabasi sita mapya. Majira ya baridi yaliyofuata, muuguzi wa shule hakutibu vidole vya mtoto yeyote aliyesubiri basi. Dwight alibaki na kazi yake, na njia yake ndefu, ila sasa kiti chake kina springi nzuri.

Mwaka uleule Renata na Curtis walileta pendekezo pamoja: kila mgombea wa bodi aeleze hadharani nani amemchangia, nani anamuunga mkono, na nani wa nyumbani kwake anafanya biashara na shule. Lilipita bila upinzani.

Siku hizi, wagombea wakikutana na watu hapa Wexley, swali la kwanza ni hilo: nani kakuchangia? Linaulizwa na mtu yeyote, hata binamu wa mgombea. Wa kwanza kuulizwa walikasirika wakaona wanatukanwa. Sasa wanalijibu, kisha mkutano unaendelea.