Sahani ya Mate

Tone la mate lilipofika kwenye tundu la sakafuni, kitu fulani kililinywa.

Mama Kavu alisikia vizuri: fyoop, kama mtu anayeonja uji wa moto. Akainama. Tundu lilikuwa jeusi, limezungukwa na utelezi wa kijani, na harufu iliyopanda ilikuwa ya mdomo uliolala bila kusukutuliwa.

"Umesikia?" akamuuliza mwenzake wa tanuri.

"Bomba hilo, dada. Maliza kupima tuende."

Kazi yao ilikuwa kupaka vitambaa utando usioshika maji, vikashonwe makoti ya mvua. Mama Kavu alimwaga plastiki iliyoyeyushwa juu ya kitambaa, akaivuta kwa ubapa wa chuma mara moja bila kusita, ukabaki utando mwembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu. Kikitoka tanurini, kitambaa kilikuwa na vipele vidogo visivyoonekana kwa macho, na juu ya vipele hivyo maji hayakupata pa kukaa. Yalijikunja yakawa gololi, yakabingirika. Hakuna aliyempita kwa mkono huo, ndiyo maana wakambandika jina la Mama Kavu.

Kila kitambaa kilipaswa kupimwa kwa matone ya maji safi. Lakini kidondoshi kilikuwa kikiziba kwa plastiki kila mara, na mvivu hakosi njia. Wapakaji wakazoea kutema mate. "Kikikataa mate, mvua ni mchezo," walisema, na Mama Kavu ndiye aliyetema kuliko wote. Mate yaliteremka juu ya kitambaa kipya, yakaangukia kipande cha zamani kilicholazwa mshazari kuyaongoza hadi kwenye tundu. Chumba hicho kilikuwa bafu zamani. Wakubwa wametuonya tangu utotoni kwamba kwenye matundu ya maji machafu kuna wenyewe, hakutemwi ovyo. Nani alikumbuka? Kazi ni kazi.

Nyumbani alikuwa na binti mmoja, Kipusa, aliyekuwa ameanza shule na bado akikojoa kitandani. Watoto wenziwe walishajua, wakamwimbia. Mama mtu aliumia. Vitambaa vipya vilikuwa vya wateja, kwa hiyo jioni ile alikichukua kile kipande cha zamani, akakipangusa kwa tambara, akakitandika chini ya shuka la mwanawe.

Asubuhi godoro lilikuwa kavu. Shuka pia lilikuwa kavu. Mama Kavu alipiga vigelegele peke yake.

Kisha Kipusa akashindwa kunywa chai. Alifungua midomo, akaipokea chai, nayo ikajikunja ulimini ikawa gololi za rangi ya maziwa, zikabingirika hadi kidevuni na kudondokea mapajani. Alijaribu maji. Yalimtoka vilevile, bila kuacha unyevu hata kidogo. Mama aliuvuta ule ulimi kwa vidole, ulikuwa mkavu na laini, na juu yake akaona vipele vile alivyovijua kwa kazi, sasa vimekua vinaonekana.

Zahanati walimtundikia dripu. Maji yalitokea pembeni mwa sindano yakateremka mkononi kama shanga zilizokatika uzi. Daktari akaandika wapelekwe hospitali kubwa, gari lije kesho, wakarudi nyumbani kungoja. Lakini midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka, macho yamezama, na tangu asubuhi hakuwa amekojoa, yeye Kipusa aliyelowesha magodoro matatu! Mama Kavu sasa aliuombea ule mkojo aliouonea aibu.

Saa ya magharibi mtoto akamnong'oneza. "Mama. Nitemee."

"Unasema nini, mwanangu?"

"Nitemee kidogo tu. Kama kule."

Mama Kavu hakuwa amewahi kumpeleka kazini. Lakini kiu ya mtoto ni kiu ya mtoto, basi akalowesha kidole kwa mate yake akampaka mdomoni, na yale mate hayakubingirika, yalizama papo hapo, fyoop, na ulimi ukatoka ukakifuata kidole, ukakizunguka, ukakifyonza hadi kwenye pingili ya mwisho huku chumba kizima kikinuka mdomo usiosukutuliwa, na macho ya Kipusa yakimtazama kwa shukrani isiyokuwa ya mtoto. Mama akachomoa kidole, akakimbilia uani kutapika.

Wifi yake, aliyekuwa akiishi nao, alimkuta ukutani. "Wifi, hili si la dripu," akasema kwa sauti ya chini. "Namfuata Bibi Mafusho."

Bibi Mafusho alikuja na chetezo chake. Alimfukiza mtoto, akauliza, "Wewe ni nani, na umefuata nini hapa?"

Kipusa akajibu kwa sauti yenye povu. "Alinilisha kila siku. Kisha akachukua sahani yangu akamlaza huyu juu yake. Nikadhani nimeandaliwa."

Mganga akainua shuka, akakiona kile kipande. Akamgeukia Mama Kavu akiwa amekunja pua. "Umemlisha nini, binti yangu?"

"Mate," akasema, na aibu ikamchoma.

"Rudisha sahani pale ulipoitoa. Ulichomlisha kitapanda. Ukirudishe tumboni mwako chote, huyo wa tundu akose cha kushikilia."

"Halafu yeye ataenda wapi?"

Bibi Mafusho akatazama majivu. "Unataka mtoto, au unataka jibu?"

Walikwenda kazini watatu: Mama Kavu, mganga, na mtoto mgongoni. Mama Kavu akakilaza kipande mahali pake, tundu likaguna, likaanza kupandisha. Mate hayakuwa yamekauka wala kuoza. Yalikuja yamekusanyika donge moja kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, la vuguvugu, lenye nyuzi za makohozi na nywele na mapovu yaliyopumua, likajiviringisha juu ya utando likasimama mbele ya magoti yake likingoja. Akafumba macho. Alilinywa kwa mafunda, na kila funda lilirudi kooni likamezwa tena, na mate yale yalikuwa ya wapakaji wote, si yake tu, aliyatambua ya tumbaku na ya meno mabovu, na hakuacha mpaka utando ukabaki mkavu.

Nyuma yake Kipusa akalia kilio cha kawaida kabisa. Bibi Mafusho akamfungulia bomba. Mtoto akanywa, akapaliwa, akanywa tena, na baada ya muda akalowesha nguo yake mwenyewe miguuni, na mama akacheka huku analia.

"Alhamdulillahi," mganga akasema, lakini hakumsogelea Mama Kavu.

Mama Kavu akainama bombani asafishe kinywa. Maji yalimfika ulimini, yakajikunja, yakamtoka gololi kwa gololi. Alijaribu tena. Kiu ilikuwa imeshaanza.

Kipusa alimwona. Akamjia, akamshika mashavu kwa viganja vilivyolowa, mtoto mwema asiyesahau fadhila, akakusanya mate mdomoni.

"Fungua, mama," akasema.

Naye akafungua.