Mwaitu Alitaka Kubatizwa Baharini

Mwikali alikuwa akianika kanzu sita nyeupe uani kwake, mtaa wa Tononoka, Mombasa. Zilikuwa kanzu za ubatizo. Ndogo kuliko zote ilikuwa ya mama yake mzazi.

Mama huyo aliitwa Syokau. Nyumbani wote walimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba. Alikuwa na miaka sabini na tisa. Kwa miaka arobaini alikuwa amekataa kubatizwa. Mwaka huu alikubali, akaja kutoka Kitui kwa basi. Moyo wake ulikuwa dhaifu, na daktari alikuwa amemwambia hiyo iwe safari yake ndefu ya mwisho. Kwa hiyo Mombasa asingerudi.

"Lakini mimi si mtoto wa kuogeshwa kwenye karai," alisema. "Nitabatizwa baharini."

Mkwe wake, Morris, mume wa Mwikali, alikuwa fundi wa reli siku za juma. Jumapili alikuwa pasta wa kanisa dogo pale mtaani. Kila mwaka aliwabatiza waumini kwenye ufuo mdogo chini ya Mji wa Kale. Ubatizo wa mwaka huu ungekuwa kesho yake, saa kumi alasiri.

Siku iliyotangulia, Mwikali alikuwa amempeleka mama yake kuuona ufuo. Mwaitu aliingiza miguu majini, akashangaa.

"Maji haya yamechemshwa na nani?"

"Siku hizi yana joto sana, Mwaitu. Hutasikia baridi hata kidogo. Mungu ametuandalia."

Mwikali alipokuwa akibana kanzu ya mwisho kwenye kamba, jirani yao Dama alibisha mlangoni.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, jirani. Pita ndani."

Dama alifanya kazi bandarini, katika ofisi inayowaarifu manahodha hali ya bahari. Uani aliwakuta Mwaitu na Morris wameketi, akamwamkia Mwaitu kwa heshima. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akamgeukia Morris. "Pasta, nasikia kesho mwenda ufuoni. Nakuomba msiende. Tangazo la hali ya hewa limetoka asubuhi hii. Kuna kimbunga baharini, kusini mwetu."

Morris alitazama juu. Mbingu ilikuwa buluu, bila hata wingu moja. Akacheka.

"Dama, jua lote hili? Nimebatiza pale miaka kumi na mmoja. Vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska. Huku kwetu havifiki."

Pasta wetu alikuwa mtu mwema. Ila kichwa chake, akishaamua jambo, kilikuwa kigumu kuliko reli anazozitengeneza.

"Ni kweli, kwetu ni nadra," Dama alisema. "Tuko karibu na ikweta, na kimbunga hakizunguki vizuri karibu na ikweta. Lakini nadra si kwamba hakuna. Na hata kisipofika chenyewe, mawimbi yake hufika. Wimbi laweza kusafiri siku mbili, likaja kupiga ufuo ambao watu wake waota jua."

Mwikali alisogea karibu. "Kimbunga hutoka wapi hasa?"

"Chakula chake ni joto la bahari. Maji yakiwa na joto sana, mvuke mwingi hupanda. Ule mvuke hugeuka mawingu, na joto lake huupa upepo nguvu ya kuzunguka. Joto likizidi, kimbunga kikitokea huweza kuwa kikali zaidi. Na bahari zetu zazidi kupata joto. Moshi wa mafuta na makaa ya mawe tunayochoma duniani wazuia joto lisitoke, na sehemu kubwa ya joto hilo huingia baharini."

Mwikali aligeuka akaitazama kanzu ndogo ya mama yake. Alikuwa amemshukuru Mungu kwa maji yale ya joto. Sasa aliogopa.

"Tena kesho ni bamvua," Dama aliongeza. "Mwezi ni mpevu, maji yatajaa kupita siku nyingine. Hapo wimbi kubwa hupanda juu zaidi."

"Sisi tuna imani," Morris alisema.

"Nami ninayo, Pasta. Hebu nionyeshe. Ukimbatiza mtu, wamshika vipi?"

Morris alisimama akaonyesha. Mkono wa kushoto aliuweka nyuma, kama anashika mgongo wa mtu. Wa kulia aliuinua juu. "Halafu namlaza chali majini. Yeye amefumba macho."

"Basi wamshika kwa mkono mmoja," Dama alisema polepole. "Mama wa miaka sabini na tisa, chali, macho yamefumbwa. Na wimbi likija wakati huo?"

Mkono wa Morris ulishuka taratibu.

Mwaitu ndiye aliyejibu. Alikuwa na hasira, na machozi yalikuwa yakimtoka. "Nimetoka Kitui kwa ajili ya bahari! Nitangoja hadi lini? Nikifa je?"

Morris alipiga magoti mbele ya mkwe wake. "Nisamehe, Mwaitu. Tahadhari kabla ya hatari. Kesho hatuendi. Tutakubatiza kanisani."

Mchana huo kila mtu alikuwa na kazi. Morris aliwapigia simu waumini wote. Halafu aliwapigia wachungaji wengine wawili waliozoea ufuo ule, nao wakaahirisha. Dama aliwafundisha Morris na Mwikali kupigilia upya mabati ya nyumba yao yaliyolegea na kuyashusha mawe waliyoyaweka juu ya paa.

"Upepo mkali ukija, mawe haya huangukia watu," alisema. "Na redio iwe wazi. Msiende ufuoni mpaka tangazo la pili litoke, hata bahari ikitulia."

Jumapili walijaza maji tangi kubwa la kanisa lililokatwa juu. Mwaitu aliingia amenuna. Morris alimbatiza, waumini wakaimba. Alipotoka majini alikuwa akitetemeka, na Mwikali akamfunika kwa leso.

Saa kumi, Morris na Dama walikwenda Mji wa Kale kutazama. Jua lilikuwa kali. Walisimama juu kabisa, mbali na maji. Ufuo ulikuwa mtupu. Mawimbi yalikuja madogo, madogo, Morris akaanza kujiuliza kama aliogopa bure. Ghafla likaja moja kubwa. Lilifunika mchanga wote, likagonga ukuta wa ufuoni, likarudi na mawe. Pale ambapo angesimama na mama mkwe wake, maji yalikuwa yamepita urefu wa mtu.

"Ningemuua," Morris alisema, akalia kama mtoto.

Kimbunga hakikufika Mombasa. Kilififia baharini siku ya tatu. Tangu hapo kanisa lile halipangi siku ya ubatizo kabla ya kusikiliza tangazo la hali ya hewa, na pasta hulisoma yeye mwenyewe mbele ya watu.

Mwaitu alirudi Kitui. Alifariki mwezi wa nane, kitandani mwake, wajukuu wamemzunguka, Mwikali amemshika mkono. Mwikali alilia sana. Bahari ikimchukua mtu, mara nyingi haimrudishi. Lakini Mwaitu amezikwa nyuma ya nyumba yake, na kila Desemba binti yake huenda kupalilia kaburi.