Kifuniko Kinapinda Mwishoni

Alasiri mtaa wa Gualey huwa na kelele zake. Redio huimba muziki wa bachata kwa kinyozi. Wanaume hugonga dhumna mezani. Kwenye kichochoro kinachoshuka mtoni, watoto hucheza vitilla, mchezo wa kurusha, kupiga na kudaka. Mpini wa ufagio ndio gongo, na kifuniko cha dumu la maji ndicho mpira. Lakini kifuniko hakiendi kama mpira. Kinaelea, kinapinda, kinamchezea mpigaji shere.

Siku moja Yokasta hakuwa kichochoroni. Alikuwa katika chumba cha umoja wa majirani, mbele ya kompyuta, amenuna. Alikuwa na miaka kumi na minne, na hakupenda kushindwa na kitu chochote chenye waya.

"Da Dilenia, hii mashine ina wazimu," alisema.

Dilenia ni jirani yao anayesoma mambo ya kompyuta chuo kikuu. Alasiri huwafundisha vijana wa mtaa kuandika programu, yaani kuiandikia kompyuta amri ili ifanye kazi. Kila kijana hujifunza kwa kutengeneza mchezo wake mwenyewe. Yokasta alikuwa anatengeneza vitilla.

"Ona. Mpigaji kakosa. Mdakaji kakidaka kifuniko. Mbona mpigaji hatoki mchezoni?"

"Ulimwambia atoke?"

"Nimwambie nini? Kila mtu anajua hapo umetoka. Hata mjukuu wa jirani yetu, doña Nereida, anajua, na bado ananyonya."

"Kompyuta haikuzaliwa Gualey," alisema Dilenia. "Haijui kitu ambacho hujaiandikia."

Kabla Yokasta hajajibu, mlango ulifunguka. Alikuwa baba yake, Radhamés, dereva wa lori la maji. Alitoka kwenye dhumna, ambako wenzake walikuwa wamemtania mpaka masikio yakawaka moto.

"Nimeambiwa binti yangu anashinda huku anacheza michezo," alisema. "Nikasema ni uongo. Kumbe kweli."

"Sichezi, baba. Natengeneza."

"Mchezo ni mchezo. Shangazi yako anahitaji mtu wa kuosha vichwa saluni. Jumatatu utaanza."

Vijana wengine waligeuka kutoka kwenye kompyuta zao. Yokasta alisimama.

"Michezo yote iliyo kwenye simu yako, baba, imetengenezwa na watu wasioijua Gualey. Hawajui kifuniko, hawajui kichochoro. Huu ni wa kwetu. Njoo Jumamosi uucheze. Ukiona ni upuuzi, nitaosha vichwa mpaka mikono ichubuke. Lakini uje kwanza."

Radhamés alimtazama. Hakuzoea kujibiwa hivyo.

"Jumamosi," alisema, akaondoka.

Hapohapo umeme ukakatika. Kompyuta zote zikazima.

"Basi tena," alisema Chelo, kijana mrefu mwenye mdomo. "Yokasta, kaanze kuosha vichwa. Anza na changu."

"Hakuna basi tena," alisema Dilenia. "Tokeni nje. Chelo, leo wewe ndiwe kompyuta. Unafanya unachoambiwa tu, hukisii. Yokasta, mwamuru acheze vitilla."

Walitoka kichochoroni. Yokasta alimpa Chelo kifuniko.

"Rusha."

Chelo akakirusha juu ya bati la doña Nereida.

"We mjinga nini? Mpigaji yuko kule."

"Hukusema wapi," alijibu Chelo, uso mkavu.

Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Yokasta alimeza hasira, akaokota kifuniko kingine.

"Rusha kuelekea kwa mpigaji. Kama mpigaji amekosa na mdakaji amedaka, basi mpigaji atoke."

Chelo akarusha. Mpigaji akakosa, mdakaji akadaka, mpigaji akatoka. Sasa ikawa zamu ya Chelo kupiga. Naye akakosa.

"Nimetoka. Niende wapi?"

"Nenda kwenu."

Chelo akaweka gongo chini, akapanda ngazi, akaenda kwao kweli. Alirudi baadaye anatafuna mkate.

"Umesema niende kwetu."

Yokasta alitaka kumpiga na ufagio. Kisha akacheka. Alikuwa ameelewa. Kompyuta haikuwa na wazimu. Yeye ndiye aliyeacha mambo nusu kichwani, akidhani yako kwenye mashine.

"Kwa hiyo naandika kila kitu," alisema taratibu. "Nini kifanyike, wapi, na kama hivi, basi vile. Hata yale ambayo kila mtu anajua."

"Hasa hayo," alisema Dilenia.

Umeme uliporudi, mtaa mzima ulishangilia kama kawaida yake. Yokasta alikuwa ameshakaa kwenye kiti. Aliandika: *kama mpigaji amekosa na kifuniko kimedakwa, basi mpigaji atoke, aingie mwingine.* Akajaribu. Mpigaji wa kwenye kioo akatoka, akaingia mwingine.

Jumamosi Radhamés alikuja, na nyuma yake wenzake wa dhumna. Alikaa, akaonyeshwa kitufe cha kupigia. Kifuniko kilikuja, kikapinda. Alikosa, mdakaji akadaka.

"Umetoka, baba."

"Sijatoka. Sikuwa tayari."

"Kompyuta haibishani, Radhamés," alisema mwenzake mmoja. "Si kama sisi."

Alicheza tena. Akatoka tena. Wenzake walicheka kwa raha. Radhamés aliukunja uso, akasukuma kiti nyuma.

"Huu si vitilla. Kifuniko hakipindi katikati ya njia. Kinapinda mwishoni. Mimi nimerusha vifuniko hapo nje kabla hamjazaliwa."

Chelo alimtazama Yokasta kwa huruma. Yokasta hakuinamisha kichwa.

"Mwishoni wapi, baba? Sema vizuri. Nionyeshe."

Radhamés aliinuka. Alichora njia hewani kwa mkono. "Kinakuja sawa, kinakuja sawa, mpigaji anajiona kakipata. Kikibakiza hatua mbili kumfikia, ndipo kinaangukia pembeni."

"Hatua mbili," alirudia Yokasta. Alitafuta amri ya kupinda na kuisoma kwa sauti ili baba yake asikie: "Kama kifuniko kimefika katikati, basi kipinde." Akafuta *kimefika katikati*, akaandika *kimebakiza hatua mbili*.

"Cheza."

Kifuniko kilikuja sawa. Kikaja sawa. Mwishoni kikaangukia pembeni. Radhamés alikosa, lakini safari hii hakubisha. Alikisogelea kioo.

"Huo ni mrusho wangu," alisema polepole. "Nani kakufundisha?"

"Wewe. Sasa hivi. Mimi nimeuandika tu."

"Jumatatu siendi saluni," alisema Yokasta.

"Ngoja kwanza nipige hata kimoja," alisema baba yake, akavuta kiti.

Jumatatu shangazi alipiga simu kuuliza vichwa vitaoshwa na nani. Radhamés alimwambia aoshe mwenyewe, binti ana darasa. Kisha akapita kwenye meza ya dhumna. Mmoja akaanza tena utani wa mtoto na michezo. Radhamés akamwambia amlete mwanawe naye akajifunze, au anyamaze. Jioni ile walikuja watoto wanne wapya.

Umeme ukakatika katikati ya somo. Hakuna aliyeenda nyumbani. Walitoka kichochoroni, na Radhamés akamnyang'anya Chelo kifuniko.

"Leo kompyuta ni mimi."

"Haya," alisema Yokasta. "Baba, rusha."

Radhamés alisimama pale pale, kifuniko mkononi, hakusogea hata kidole.

"Wapi?" alisema. "Hukusema."