Bundi wa Mjomba Jotham

Kila asubuhi Christabel Hiribae alishuka mtoni na ndoo mbili, na kila asubuhi alisimama kwanza juu ya ukingo akayakagua maji. Mamba hana siku ya mapumziko, na mtu wa kijiji cha Idsowe anayeinama kuchota kabla ya kutazama si shujaa, ni mjinga. Alitazama mapovu na magogo yanayoelea, akatazama na ndege, kwa sababu ndege wakiruka ghafla ukingoni, kuna kitu kimewashtua. Hivyo ndivyo macho yake yalivyopata ukali. Alikuwa darasa la saba tu, lakini hakuna mtu kijijini, mkubwa wala mdogo, aliyemshinda kutambua ndege kwa mbali. Naye hakuona sababu ya kulificha jambo hilo.

Agosti ya mwaka 1998 ndege walikuwa wengi kupita kawaida. Mafuriko ya El Nino yalikuwa yamejaza mabwawa yote ya chini ya Garsen, na maji yalikuwa bado hayajakauka. Wageni sita wakaja kutazama ndege hao, wakapiga mahema karibu na shule. Kiongozi wao alikuwa Bi. Abdia Mohamed, mzaliwa wa Madogo, mama aliyesomea ndege hadi chuo kikuu, aliyefunga ushungi wake vizuri na kuvaa buti za mpira. Mwongozaji wa mtoni alikuwa Jotham, mjomba wake Christabel, ndugu wa tumbo moja na mamake. Kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, alimchukua mpwa wake akae mbele ya mtumbwi na kuwaonyesha wageni ndege.

Wageni walikuwa na desturi moja iliyomfurahisha sana Christabel. Kila jioni Bi. Abdia aliwakusanya, akafungua orodha na kusoma majina ya ndege mmoja mmoja, kama mwalimu anavyoita rejista. Yangeyange? Yupo. Mwari? Yupo. Domokijiko? Yupo. Aliyeonwa aliwekewa alama. Lakini ndege adimu alikuwa na sharti lake: lazima mashahidi wawili waseme kwa vinywa vyao kwamba wamemwona.

Na ndege aliyetafutwa kuliko wote alikuwa bundi mla samaki, mkubwa, wa rangi ya kutu. Kwetu bundi akilia juu ya paa hufukuzwa kwa kijinga cha moto; watu hawa walikuwa wamevuka bahari kumfuata. Bi. Abdia alisema waziwazi kwamba akionekana Idsowe, safari za kila Agosti zitapiga kambi hapo, na Jotham atakuwa mwongozaji wa kudumu. Asipoonekana, mwakani watajaribu sehemu nyingine za mto. Maneno hayo yalizunguka kijiji kizima kabla chai haijapoa.

Siku ya tatu, wageni watatu walikuwa katika mtumbwi wa mjomba, na Bi. Abdia na wengine walifuata nyuma katika mtumbwi wa pili. Wageni walikuwa wamegeukia viboko upande wa kushoto. Mara ndege mkubwa wa kahawia akachomoka mkuyuni upande wa kulia, akapotea nyuma ya miti.

"Bundi," mjomba akasema, akielekeza kwenye miti lile pondo la kusukumia mtumbwi. "Bundi mla samaki. Christabel, si umemwona?"

Wageni waligeuka, wakakuta matawi yanatikisika tu. Wote wakamkazia macho Christabel. Yeye alimtazama mjomba, akauona uso wake umechangamka kama wa mtoto siku ya Krismasi. Akaitikia kwa kichwa.

Hakuwa bundi. Christabel alijua hilo kabla hata hajaitikia, na lilimkaa rohoni hadi walipofika nchi kavu. Alikuwa furukombe mchanga, yule tai mla samaki, ambaye bado hajaota ule weupe wa kichwani.

Mchana kutwa alipongezwa. Jasper, mwanafunzi mwenzake, alimwita "Mheshimiwa Macho" na kumbebea ndoo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu wazaliwe. Kila pongezi ilimzidishia aibu. Hatimaye alimfuata mjomba aliyekuwa akikausha maji ndani ya mtumbwi, peke yake.

"Mjomba, yule hakuwa bundi. Alikuwa furukombe mchanga."

Jotham hakuinua kichwa. "Wewe una macho, mimi nina miaka. Jioni utaulizwa jambo moja, na jibu lake ni ndiyo."

"Na kama sikumwona?"

"Mtoto mwenye adabu huona anachokiona mkubwa wake. Nenda kamsaidie mamako."

Christabel alikwenda, lakini kifua kilimwaka. Laiti mjomba angesema, "Nilikosea," au hata, "Nina shaka," angemhurumia. Kuambiwa aone asichokiona kulimuudhi kuliko fimbo. Aliosha mchele huku akiapa kimoyomoyo kwamba kichwa chake kimeitikia mara moja na hakitaitikia tena.

Jua lilipokaribia kutua, Bi. Abdia alifungua orodha. Watu wa kijiji walikuwa wamejaa kandokando, na kina mama walikuwa tayari na vigelegele. Yakasomwa majina. Mdiria, yupo. Keremkerem, yupo. Kwarara, yupo.

"Bundi mla samaki," Bi. Abdia akasoma. "Shahidi wa kwanza?"

"Mimi," akasema Jotham. "Nimemwona."

"Shahidi wa pili?"

Christabel alisimama. Akamtazama Bi. Abdia.

"Mimi sikumwona bundi."

Mjomba akacheka kicheko kikavu. "Mtoto amepigwa na jua. Kule mtoni aliitikia, kila mtu aliona."

"Niliitikia kwa sababu wewe ni mjomba wangu," Christabel akasema. "Nilikosea, na ninaomba radhi kwa wageni. Lakini ndege yule alikuwa na shingo, na mdomo wake ulichongoka mbele. Bundi ana kichwa cha duara kama kibuyu. Yule alikuwa furukombe mchanga."

"Keti chini, Christabel."

"Nitaketi, mjomba. Lakini lisiandikwe kwamba nimemwona."

Bi. Abdia hakumsifu wala hakumkemea. Alitafsiri maneno yale kwa wageni, akapiga mstari kwenye karatasi. "Bundi mla samaki, hakuonekana," akasema, na akaendelea na ndege aliyefuata. Mzee mmoja wa wageni alifuta kitu katika daftari lake polepole, kama mtu anayemzika jamaa. Kina mama wakatawanyika na vigelegele vyao.

"Umetuharibia wote," Jasper akamwambia njiani. "Neno moja tu lilikushinda?"

"Halikunishinda. Nimelikataa."

Nyumbani, Gladys, mamake Christabel, alikuwa tayari ameshasikia. Alimweka binti yake mbele ya rundo la sufuria. "Ndugu yangu ameniambia umemvua nguo mbele ya wageni," akasema. "Kwa hilo utaosha hizi zote. Ila usitarajie nikwambie ukaombe msamaha kwa kusema kweli, kwa sababu sitasema." Christabel alizisugua sufuria zile mpaka zikang'aa, machozi yakimtoka, lakini hakujuta.

Asubuhi ilibaki safari moja fupi kabla ya wageni kuondoka na msafara wa magari yanayosindikizwa na askari kuelekea Malindi. Mjomba hakumwita. Christabel alikwenda hivyo hivyo, akamwamkia, akaketi mahali pake mbele ya mtumbwi. Jotham akaitikia salamu kwa sauti ya chini na kusukuma pondo. Safari hii Bi. Abdia alipanda mtumbwi wao.

Kwenye matete, kijindege cha kahawia kiliruka na kuzama majanini. Yule mzee mwenye daftari akashika mkono wa Bi. Abdia, akaongea kwa haraka.

"Anauliza kama ni yule mdogo adimu wa delta hii," Bi. Abdia akaeleza. "Amemtafuta miaka mingi."

Wote wakamtazama Jotham. Neno moja lingetosha kumfurahisha mzee yule na kuifuta aibu ya jana. Jotham aliyatazama matete kwa muda mrefu, jasho likimtoka na jua bado halijapanda.

"Sikumwona vizuri," akasema. "Asiandike. Christabel, wewe je?"

"Nami sikumwona vizuri, mjomba."

Bi. Abdia akafunga kalamu yake. "Agosti ijayo tutapiga kambi hapa, ndugu Jotham, na wewe ndiye mwongozaji wetu."

"Bila bundi?"

"Bundi tutamtafuta. Yuko mahali fulani kwenye mto huu. Lakini nimezunguka nchi hii na orodha zangu, na mara nyingi sijui nimeandika ndege au nimeandika adabu za watu. Hapa ninajua."

Wageni walipoondoka, mjomba na mpwa wake walibaki wakiufunga mtumbwi. Jotham alikaza fundo, akalifungua, akalikaza tena.

"Nilikufundisha kuniheshimu," akasema hatimaye, "nikadhani heshima ni kuniitikia. Mtu ambaye watoto wake wote humwambia ndiyo, siku akiuelekeza mtumbwi kwa viboko, watazama wote wakisema ndiyo. Mkubwa akikosea, mwambie. Mwambie kwa adabu, lakini mwambie, na usimwogope." Akalivuta fundo. "Ila siku nyingine niite kando kwanza."

"Nilikuita kando kwanza, mjomba."

Jotham akakohoa, akatazama maji. "Hilo nalo ni kweli," akasema.